Jiwe la Dirishani

Siku ya ishirini na tatu baada ya kumzika mkewe, Mzee Nguzo alivaa lile koti alilolivaa makaburini, akafunga vifungo vyote mpaka cha shingoni, akatoka chumbani na kumwambia binti yake, "Twende tukalichukue."

Binti alikuwa anaosha sufuria iliyokwisha kuoshwa. Hakuuliza wakachukue nini. Kwa siku zote zile neno lilikuwa hilo moja, na lisiposemwa, lilitazamwa. Pale jikoni, kwenye kizingiti cha dirisha, palikuwa na alama safi ya ukubwa wa kiganja. Kila mahali pengine saruji ilikuwa imeingia weusi wa moshi na vumbi la makaa, weusi usiosikia sabuni. Pale tu palikuwa peupe. Hapo ndipo jiwe lilipokaa miaka thelathini na minane.

"Baba, wale watu wana taratibu zao," binti akasema. "Niliweka sahihi."

"Ukaweke nyingine."

Akatoka nje, akaipa nyumba mgongo, akasimama mikono nyuma kama mtu anayengoja zamu yake iitwe.

Nguzo halikuwa jina lake. Ilikuwa kazi yake. Kwa miaka mingi aliteremka katika mgodi wa makaa ya mawe, na kila mahali wenzake walipokwisha kuchimba, yeye alisimamisha nguzo za mbao chini ya dari ili watu wapite wakiwa hai. Kabla ya kuisimamisha nguzo aliigonga dari kwa mpini wa nyundo na kusikiliza. Dari nzima hulia kavu. Dari mbovu huitika kwa sauti nzito, kama mtu anayejibu huku ana tonge mdomoni. Kisha alipitisha kidole gumba kwenye ufa, aone kama unafunguka. Kidole hicho kilikuwa kipana kama kijiko, na ukucha wake ulikuwa umesagwa mara mbili ukaota upya kombo. Shule hakuiona. Herufi alizijua kwa kusikia sifa zake. Na maneno nyumbani mwao alikuwa nayo mkewe, tena yaliwatosha wote wawili, mengine yakabaki ya kuwagawia majirani.

Sasa nyumba ilikuwa kimya, na kimya chenyewe kilikuwa na makosa.

Kosa lilitokea siku ya tatu ya msiba. Watu wa makumbusho walipita na kigari chao nyumba kwa nyumba, wakiomba vitu vya mgodini kwa wazee waliowahi kufanya kazi huko. Mgodi ulikuwa umefungwa miaka kumi na sita, na jengo la taa na bafu za wachimbaji lilikuwa limepakwa rangi na kuwa makumbusho ya makaa na visukuku, yaani mawe yenye majani na wadudu wa zamani waliogeuka mawe wenyewe. Binti alikuwa katika hali ile ya mtu aliyefiwa na mama: anaosha visivyo na uchafu, anakunja vilivyokunjwa. Akatoa kofia ngumu ya baba yake, taa yake, kopo lake la chakula, na jiwe la dirishani. Aliona anampa baba yake heshima. Tena hakukosa adabu, alitoka kumuuliza. Mzee alikuwa amekaa uani katikati ya waombolezaji. Binti akainama, akamnong'oneza, "Baba, wamekuja watu wa makumbusho, wanachukua vitu vya mgodini. Wachukue?"

Akaitikia kwa kichwa. Siku ile aliitikia kila kitu. Wangemuuliza kama waichukue nyumba, angeitikia.

Alilikosa jiwe jioni ya siku ya saba, wageni walipokwisha kuondoka. Hakupiga kelele. Alisimama dirishani, akauliza, "Li wapi?" na binti alipomwambia, akaenda kulala na viatu miguuni. Tangu hapo baba na binti walikuwa wakisalimiana kama wapangaji.

Walipanda mlima kwa miguu, kwa barabara ileile ya wachimbaji. Baba mbele, binti nyuma, hatua nne katikati. Katika nusu saa ile hawakuongea, ila mara moja binti aliposema, "Pole pole, Baba, hatufukuzwi," naye hakupunguza mwendo.

Jiwe lenyewe lilikuja hivi. Ulikuwa mwaka wa kwanza wa ndoa. Nguzo alikuwa anachonga mahali pa kukalia nguzo, bamba likachomoka darini likaanguka hatua moja kutoka mguuni kwake, likapasuka vipande viwili kama mkate. Akainamisha taa ya kofia. Katikati ya ule weusi palikuwa na jani. Jani zima, limechanikachanika pande mbili kama meno ya kitana, kila jino na mshipa wake. Lilikuwa pande zote mbili za mpasuko: upande mmoja jani limetuna, upande wa pili limebonyea. Wenzake waliona majani ya namna hiyo kila wiki wakayapiga teke. Yeye alikuwa ameoa juzi na hajawahi kumpa mkewe zawadi, kwa sababu hakujua mtu anaingiaje dukani na kusema nataka zawadi. Akachukua upande uliotuna, akautia katika kopo la chakula.

Mkewe alilifungua kopo ili alioshe.

"Umeniletea jiwe?"

"Jani."

"Jani liko wapi?" Akalisogeza dirishani kwenye mwanga. Akalitazama. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini na kopo mapajani. "Jamani mimi! Wenzangu wanaletewa vitambaa, wanaletewa mafuta ya nywele. Mimi naletewa kitana cha mawe! Haya basi, Bwana Nguzo, nimekubali. Nitachania nywele nikizeeka zikawa ngumu."

Akaliweka dirishani, na tangu siku hiyo likaitwa Kitana.

Jambo jingine juu ya jiwe hilo Nguzo alilijua miaka mitano baadaye, na hakuwahi kulisema kwa mtu. Siku hiyo dari iliporomoka sehemu ya jirani, hakufa mtu lakini zamu nzima ilizuiliwa chini zaidi ya saa mbili. King'ora cha kutoka kilikuwa kimelia zamani. Alipokunja kona ya mtaa wao alimwona mkewe dirishani kabla mkewe hajamwona. Mkono wa kulia ulikuwa umeshika pazia. Mkono wa kushoto ulikuwa kwenye jiwe, na kidole gumba kilikuwa kinasugua ukingo wake wa chini, kinakwenda na kurudi, kinakwenda na kurudi, taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto aliyekwisha kulala. Macho yalikuwa barabarani. Yalipomwona, kidole kikaachia hapohapo, pazia likaanguka, na alipofika mlangoni alimkuta anakoroga chungu na kugomba: "Chakula kimepoa mara mbili! Mnakaa huko chini mnapiga soga na panya?"

Baada ya hapo Nguzo akawa akifika konani hupunguza mwendo, aone. Kila siku mkono ulikuwa pale. Mgodi ulipofungwa alidhani utakwisha. Haukwisha. Akienda kununua chumvi, akirudi anaukuta. Ukingo ule ukawa unang'aa kwa jasho na mafuta ya kupikia, mweusi wa kung'aa kama mgongo wa mende, na mkewe mwenyewe pengine hakujua kwamba anafanya hivyo. Nguzo hakumwambia. Alihofia akimwambia ataacha.

Halafu ndiyo ikaja ile hospitali. Mkewe alilala siku tisa, na siku ya nane maneno yake yote, yale yaliyotosha watu wawili na majirani, yalikuwa yamekwisha. Nguzo alikaa kwenye kiti cha chuma kando ya kitanda. Aliona mkono wa kushoto unatembea juu ya shuka. Kidole gumba kilikuwa kinasugua ubavu wa kidole cha shahada, kinakwenda na kurudi. Alidhani anawashwa, akamkuna. Alidhani ana baridi, akamfunika. Mkono ukatoka tena chini ya shuka ukaendelea. Ilimchukua alasiri nzima, mtu aliyeishi naye miaka thelathini na minane, ndipo akafahamu.

Akamwinamia sikioni. "Kesho nakuletea jiwe lako."

Kidole kikatulia.

Simu ilipigwa alfajiri, kabla hajatoka nyumbani. Jiwe alikuwa amekwisha kulifunga katika kitambaa, lipo mezani, tayari. Akalifungua, akalirudisha dirishani, akaenda.

Kwa hiyo alipopanda mlima ule Mzee Nguzo hakuwa anafuata kitu cha kale. Alikuwa na ahadi. Alitaka kulipeleka jiwe lilipotakiwa, na alikuwa amechelewa siku ishirini na sita tangu alfajiri ile ya simu.

Mlangoni mwa makumbusho walimkuta Redio. Huyu alikuwa mchimbaji wa zamu moja na Nguzo, aliitwa Redio kwa sababu hana kizimio, na sasa alikuwa akiwatembeza wageni kwa shati jeupe lenye beji kifuani.

"Nguzo!" akapaza sauti kutoka mbali. "Mwishowe umekuja kujisalimisha! Kabati moja liko wazi, karibu na yule konokono wa jiwe. Umri mmelingana!" Kisha akaliona koti, akakumbuka alipoliona mara ya mwisho, kwa kuwa na yeye alikuwepo makaburini. Sauti ikashuka. "Ah. Nisamehe, ndugu yangu. Mdomo wangu huu, wewe unaujua."

"Naujua."

"Shikamoo, Baba," binti akamwambia Redio.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni, karibuni. Leo tumepumua, hakuna wanafunzi. Wale wa jana waliniuliza kama nilimwona huyo mjusi wa kwenye jiwe akiwa hai. Nikawaambia nilimfuga."

Njia ya kwenda chumba cha visukuku ilipita katika mgodi wa kuigiza: ukuta mweusi, taa hafifu, nguzo nne za mbao. Mzee Nguzo akasimama. Akaigonga ya tatu kwa kifundo cha kidole, akatazama juu, mahali ambapo kabari ya mbao huigandamiza nguzo kwenye dari.

"Kabari imeingia kinyume," akasema. "Hii ingeua mtu."

"Humu hafi mtu, Nguzo. Hayo makaa ni maboksi, nimeyapaka rangi mimi."

"Basi yapake vizuri. Ila kabari igeuze."

Lilikuwa neno lake refu la siku ile, na binti, nyuma yake, alijikuta karibu acheke. Akajizuia.

Chumba cha visukuku kilikuwa ndilo bafu lao la zamani. Vigae vilikuwa vilevile. Pale walipokuwa wakisimama uchi wakisuguana migongo kwa sabuni ya kipande, sasa palikuwa na makabati ya vioo na ndani yake mawe juu ya vitambaa vyekundu. Mzee Nguzo akapita kabati la kwanza, la pili, la tatu, akafika mwisho, akageuka.

"Halimo."

"Limo, Baba." Binti alikuwa amesimama kwenye kabati la pili. "Hili hapa."

Akarudi. Akalitazama. Alilijua umbo lake, ile pembe iliyokatika juu na ule mstari wa manjano wa ubavuni. Lakini lilikuwa kama mtu unayemjua akiwa amenyolewa. Lile jani lilikuwa limejitokeza lote, kila jino la kitana, hata vishipa ambavyo yeye hakuwahi kuviona. Jiwe lilikuwa la kijivu, kavu, safi. Aliinama mpaka pumzi yake ikapiga ukungu kwenye kioo, akatafuta ukingo wa chini. Kule kung'aa hakukuwepo.

"Wameliosha," akasema.

Redio alitazama vigae.

"Hapo wameandika nini?"

Binti akakisoma kile kikaratasi, polepole, kwa kuwa alijua baba yake anasikiliza kila neno. "Jani la mmea wa kale. Limetoka katika dari ya mgodi wa hapa. Limetolewa na familia ya mchimbaji." Akasogea karibu na kioo. "Ukingo wa chini umeharibika."

"Rudia hapo."

"Ukingo wa chini umeharibika."

"Haujaharibika," Mzee Nguzo akasema. "Huyo ni mama yako."

Ndipo akamweleza. Alimweleza kwa maneno machache, akitazama kabati: kona, dirisha, mkono wa kushoto, hospitali, kitambaa mezani. Kama alivyokuwa akiripoti kwa msimamizi hali ya dari, hapa pazima, hapa pabovu. Alipofika kwenye simu ya alfajiri akanyamaza, yamekwisha.

Binti alikuwa amejishika mdomo. "Mimi nilidhani anachungulia barabara tu," akasema. "Miaka yote ile nimekaa jikoni mle, nilidhani mama ni mmbeya."

"Mmbeya alikuwa pia."

Redio akatoka haraka, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akatoka bila kusema anakwenda wapi. Aliporudi alikuwa na mhifadhi wa makumbusho, mama mmoja wa makamo aliyening'iniza miwani shingoni kwa kamba. Yule mama hakuwa ameelezwa vizuri. Aliwasalimu, akampa mzee pole, halafu akaanza kusifu, kwa furaha ya fundi anayependa kazi yake. "Hili ndilo jiwe zuri kuliko yote tuliyopewa, mzee wangu. Lakini lilikuwa na hali! Masizi, mafuta, sijui nini. Siku nne nimekaa nalo, na mswaki laini na maji ya tone tone. Nikisafisha jino moja, nakunywa chai, narudi kwa jingine. Na pacha wake je? Jani kama hili huwa na upande wa pili."

"Alibaki chini."

"Basi, hata huu mmoja unatosha. Sasa jani linaonekana."

"Linaonekana," mzee akakubali. "Yale mafuta yalikuwa ya mke wangu."

Mhifadhi akavaa miwani, akamtazama, akamtazama binti. Binti akamweleza kwa sauti ya chini. Yule mama akaivua miwani ikarudi kifuani.

"Sikujua," akasema. "Kweli tena, sikujua. Nilidhani uchafu."

"Ungejuaje?"

Hakulisema kwa ubaya. Hapo ndipo binti alipofahamu kwamba na yeye alikuwa amekwisha kusamehewa, kwa sababu swali lilikuwa lilelile, na baba yake alilisema akiwa amegeukia upande wake.

Mhifadhi akatoa funguo mfukoni. "Ile karatasi ya sahihi nitaichana," akasema. "Jiwe ni lenu, mtaondoka nalo leo. Msinishukuru." Akafungua kabati, akavaa glavu nyeupe, akalitoa kwa mikono miwili. Lakini kabla ya kumpa mzee akauliza, "Mnakwenda kuliweka wapi?"

"Kaburini. Nilimwahidi."

Mama yule akamtazama Redio kama anayeomba msaada, na Redio akajikuna shingo.

"Nguzo, jiwe la darini hilo," Redio akasema. "Likikaa nje..."

"Najua."

"Mvua mbili tu."

"Moja," akasema Mzee Nguzo.

Alijua kuliko wote. Jiwe lile kavu huwa gumu kama chuma, lakini likinywa maji huvimba, huchambuka kurasa kurasa, linakuwa tope la kijivu. Nusu ya kazi ya maisha yake ilikuwa ni kuzuia maji yasiliguse, lisije likawashukia wenzake. Siku zote ishirini na tatu alikuwa akilijua hilo, ila alilisukuma nyuma, kama mtu anayepita chini ya dari asiyotaka kuigonga.

"Basi tulirudishe dirishani," binti akasema. "Mahali pake papo, Baba. Sijapafuta."

Mzee akanyoosha mikono. Mhifadhi akalitia jiwe viganjani mwake, halikuwa zito, halijawahi kuwa zito. Akaligeuza. Akapitisha kidole gumba kwenye ukingo wa chini, kama alivyozoea kukipitisha kwenye ufa, na kidole kikamwambia kitu ambacho macho hayakukiona. Palikuwa na bonde. Dogo sana, la kina cha kucha, limelalia upande wa kushoto. Mafuta yalikuwa yametoka lakini bonde halikuoshwa, kwa kuwa bonde halioshwi.

Akajaribu kulaza kidole humo. Kikagoma. Kilikuwa kipana mno, kilikaa juu ya kingo mbili kama mtu mnene kwenye kiti cha mtoto. Akakigeuza ubavu. Akabadilisha mkono. Kikagoma.

"Hebu wewe," akasema.

Binti akasogea. Akaweka mkono wa kushoto chini ya jiwe, akalaza kidole gumba mle, na kikaingia. Kikalala chote, hakikubakisha nafasi. Alikuwa na mikono ya mama yake, jambo ambalo kila mtu alikuwa akilisema tangu akiwa mtoto na hakuna aliyelitilia maanani. Bila kukusudia kidole kikatembea. Kikaenda, kikarudi.

Mzee Nguzo akauona mkono ule juu ya jiwe lile.

Akakaa. Palikuwa na benchi fupi la watoto wa shule karibu na ukuta, akakaa hapo, magoti yakamfika kifuani, na sauti iliyomtoka haikuwa kilio hasa. Redio alikwisha kuisikia sauti hiyo mara moja, chini kule, dari inapojiandaa kuanguka. Binti akakichomoa kidole kama aliyeungua. Akampa mhifadhi jiwe, akaenda akapiga magoti mbele ya baba yake, akamshika viwiko. Hakusema kitu, na hilo alikuwa amerithi kwake.

Mahali fulani ndani ya jengo bomba lilikuwa linadondosha maji.

"Tulichukue, Baba?" binti akauliza mwishowe.

Akatikisa kichwa.

"Liwe nyumbani. Uwe unalishika."

"Shida ndiyo hiyo. Nitalishika." Akafuta uso kwa kiganja. "Kila siku nitalishika. Na kidole chenyewe hiki. Nitamfuta."

Binti akafungua kinywa aseme yeye basi atalishika. Akaona kwamba ni vilevile.

Mzee akainuka kwa kushikilia bega lake. "Rudisha," akamwambia mhifadhi. "Funga na kioo. Mtu asiliguse. Hata mimi nikija, nikikuomba, usinipe."

"Sitakupa," yule mama akasema. Akaliweka juu ya kitambaa chekundu, akageuza ukingo wa chini uelekee mbele, wageni wauone. Akafunga. Kisha akachomoa kile kikaratasi na kutoa kalamu. "Hapa pa kuharibika, niandike nini?"

Mzee Nguzo akafikiri. Alikuwa hajawahi kuulizwa kitu kiandikwe.

"Andika umeshikwa."

"Umeshikwa na nani, mzee wangu?"

"Na mwenyewe. Miaka thelathini na minane."

Akaandika. Akamwomba jina la marehemu, naye akalitaja, lote, la kwake na la baba yake, kwa sauti ambayo Redio alipata taabu kuisikia. Binti akakisoma kikaratasi kwa sauti kabla hakijaingia kabatini. Baba yake akaitikia kwa kichwa, na safari hii alikuwa amesikia alichokiitikia.

Walishuka mlima. Zile hatua nne katikati yao zilikuwa zimekwisha, binti alikuwa amemshika mkono wa koti. Kwenye njia panda mzee hakufuata ya nyumbani. Alifuata ya makaburini.

Udongo ulikuwa bado mbichi na umetitia kidogo katikati, kama yanavyotitia makaburi yote. Binti alibaki nyuma penye lango. Mzee Nguzo alisimama kando ya mkewe, upande wa mkono wake wa kushoto, akafungua kifungo cha shingoni kilichokuwa kinamkaba tangu asubuhi.

Maneno aliyokuwa ameyapanga yalikuwa: Nimekuletea. Alikuwa ameyapanga kwa siku ishirini na tatu. Sasa ilibidi atafute mengine, na yeye hakuwa mtu wa kuwa nayo ya akiba.

"Nimelikuta," akasema. "Sikulileta."

Akangoja. Kwa miaka thelathini na minane, kila aliposema neno moja alipata ishirini. Akangoja kugomba kwake, chakula kimepoa, mnapiga soga na panya. Upepo ulipita kwenye majani ya mpakani.

Akafunga tena kifungo, akageuka. Walipofika kona ya mtaa wao miguu yake ikapunguza mwendo yenyewe, kama ilivyozoea. Binti naye akapunguza. Wakasimama pale wote wawili, wakilitazama dirisha la jikoni na pazia lililoshuka.